Sifuri Niliyoiandika Bila Kwenda

Wiki iliyopita fundi alipaka madirisha ya nyumba yangu rangi nyeupe, na harufu yake ikanikalisha barazani muda mrefu bila kazi. Alidhani inaniumiza kichwa. Sikumwambia kwamba kwangu mimi hiyo ni harufu ya baba.

Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge huko tambarare ya Same, na pamoja na ukarani alikuwa mpimaji wa hali ya hewa. Nyuma ya ofisi palikuwa na kiwanja kidogo chenye uzio wa waya. Humo kilisimama kisanduku cheupe cha mbao, chenye miguu mirefu na kuta za vibao vilivyoachana ili upepo upite, na ndani yake themometa. Pembeni kulikuwa na kipimamvua, mkebe wa shaba wenye mdomo wa faneli na chupa ndani. Kila mwaka baba alikipaka kisanduku rangi upya ili jua lisizidanganye themometa, na mimi nilirudi nyumbani na madoa puani.

Nilikuwa na miaka kumi, na niliamini mtu wa redio anayetangaza mvua ni mganga wa aina fulani. Baba alicheka mpaka akakohoa. Alichukua kijiti, akachora mchangani Same, Moshi na Tanga, akanieleza kwamba saa tatu kamili asubuhi watu kama yeye, kila mahali, huinama kusoma vipimo vyao: joto, mvua, upepo unakotoka. Namba hizo hukusanywa na kuwekwa kwenye ramani moja, wataalamu wakaona upepo unayasukuma mawingu kwenda wapi. Kisha hufungua madaftari ya miaka ya nyuma, watazame anga lilipokaa namna hiyo kulifuata nini. Watu wa milimani, wanaonoa majembe wakiona wingu limeukalia mlima Shengena, wanafanya kazi ileile, alisema, ila daftari lao liko kichwani.

Kisha bei ya mkonge ikaanguka na shamba likafungwa. Sabuni na sukari tulizozoea kuzipangia foleni sasa zilijaa madukani, lakini wenye cha kununulia ndio walioadimika. Vibarua waliotoka Kigoma, Tabora na Songea wakaanza kufunga mizigo. Sisi tulihamia chumba cha kupanga Same mjini, mama akauza mitumba sokoni. Baba aliendelea kwenda kule kila asubuhi, mwendo wa nusu saa, bila mshahara. Mama alimuuliza anampimia nani. Akajibu kwamba hakuna aliyemwandikia aache, na kwamba daftari lile halikuwahi kuruka hata siku moja tangu alipolipokea. Mimi nilimwonea aibu, nawaambia ukweli. Wenzangu shuleni walimwita Bwana Mawingu.

Mwaka huo vuli ilichelewa. Baba akaugua kifua, hata kusimama akawa hawezi, akanikabidhi daftari na penseli yake.

"Ukienda ukakuta pakavu, andika sifuri," aliniambia. "Usipokwenda, piga mstari. Sifuri ni ya mtu aliyekwenda akaona."

Siku mbili nilikwenda. Siku ya tatu rafiki yangu Zuhura alikuwa anaondoka na wazazi wake kurudi Tabora, na basi lao liliondoka saa tatu hiyohiyo. Nilisimama stendi mpaka vumbi la basi likatua, nikalia nilivyoweza. Anga lilikuwa jeupe kote. Nikakaa juu ya jiwe, nikaandika sifuri. Baba aliponiuliza, nikamwambia nimekwenda.

Kesho yake nilipoinua faneli nilikuta chupa ina maji karibu nusu, na sisimizi waliokufa wakielea juu. Udongo ulikuwa umeshakauka na kufanya ganda. Nikajua mvua ilinyesha usiku wa kuamkia safari ya Zuhura, kama zinavyonyesha mvua za tambarare, shamba hili likalowa na la jirani lisipate tone. Ningeyapima, uongo wangu ungeonekana. Nikayamwaga. Ardhi iliyanywa mara moja, mvua ya kwanza ya vuli ile, nami nikaandika sifuri ya pili.

Baba alipopata nafuu, Mzee Mbwambo, aliyelima jirani na ofisi ya zamani, alikuja kumjulia hali. Nilimwamkia shikamoo, nikarudi kupepea jiko. Alisema mvua ilipiga shambani kwake usiku ule, akatia mbegu ardhini, na sasa anataka kujua kama itaendelea. Baba akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye siku za wiki ile.

"Hapa pana sifuri, mzee mwenzangu," alisema. "Mwanangu alikwenda, akaona."

Mzee Mbwambo alinitazama mimi, kisha akaaga taratibu. Nilisubiri fimbo. Haikuja, wala swali halikuja.

Baba alifariki kabla ya masika kwisha. Kipimamvua kiling'olewa na watu wa vyuma chakavu, kisanduku kikawa kuni.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye mtoto wangu, mama aliponipa lile daftari. Niliitafuta wiki ile. Sifuri zangu mbili zilikuwa zimekatwa kwa unadhifu, na juu ya kila moja baba alikuwa amepiga mstari wa kutokwenda. Kwenye nafasi ya maelezo, kwa mwandiko wake, aliandika: "Mpimaji aliugua. Hakwenda."

Miaka yote hiyo nilidhani alinitetea kwa sababu aliniamini. Kumbe alijua. Mbele ya mgeni alinificha, kisha akakaa peke yake kuwaambia ukweli watu ambao siku moja wangelifungua daftari wakitafuta mvua ya mwaka ule, na kosa akalibeba yeye. Daftari lisiloruka siku likaruka siku mbili, kwa mkono wake mwenyewe, kwa ajili yangu.

Sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa stendi, nikimlilia Zuhura. Nadhani angenielewa.