Power supply ya wati 1000 ya baba mkwe mtarajiwa ilivyozimika kwenye taa ya saba

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na mhusika mkuu hajui kama humu ndani kuna uzi unaomhusu. Anayemfahamu naomba anyamaze. Sijaongeza chumvi. Nilichoficha ni chapa ya hiyo power supply tu, maana sitaki kesi.

Mimi ni fundi wa kompyuta, kibanda changu kipo Kampemba. Siku hizi kazi kubwa ni PC za gaming, na zinazokuja zimekufa nyingi zimeuawa na power supply. Sisi huku tunaiita alimentation.

Vijana wananunua graphics card ya maana, halafu wanaiwekea alimentation iliyoandikwa wati elfu moja yenye roho ya redio.

Kwa hiyo nilijitengenezea kipimo. Nilichukua mlango wa kabati bovu, nikaupigilia taa kumi na nane za mbele za gari, za kuokota kwa mafundi magari. Kila taa ni wati hamsini na tano na kila moja ina swichi yake. Unaunga alimentation, unawasha taa mojamoja. Ya wati elfu moja ya kweli inawasha zote kumi na nane na inatulia. Ya uongo inakata njiani.

Wataalamu mtasema taa za gari hazipimi kila kitu. Najua. Ndicho nilicho nacho.

Sasa tuje kwenye mkasa.

Nina mchumba, anaitwa Ngalula. Baba yake, Papa Mbuyi, asili yake Kasai, ni mfanyabiashara, ana duka la vifaa vya umeme mitaa mitatu kutoka kwangu. Mimi kwetu ni Lukafu, watu wa mihogo na mahindi, na mzee hajawahi kuniacha nilisahau hilo.

Nilikuwa nimeshakwenda kujitambulisha. Kilichobaki ni familia yake kutupa orodha ya mahari. Orodha isipotoka, hakuna ndoa. Na mkwe ambaye bado hajatoa mahari habishani na baba wa binti. Ukiwa na neno, unamtuma mtu. Ukimpinga mbele za watu, umejifuta mwenyewe.

Mchana mmoja mzee akaniita dukani. Nikakuta maboksi sita juu ya meza, yameandikwa 1000W, Gold, kila kitu kinang'aa.

Kwa wasiojua, Gold maana yake ni kwamba umeme unaoutoa ukutani unafika kwenye mashine karibu wote, kidogo tu ndiyo unaopotea kuwa joto. Huku kwetu mtu anacheza nusu ya siku kwa jenereta, kwa hiyo joto hilo ni mafuta yako yanaungua bure.

Mzee akanipa moja mkononi.

"Sikia uzito. Client wa Karavia anakuya saa tisa, iko na salle ya jeux, anabeba zote sita. Wewe njo utamufasiria na kifalansa kama iko original."

Yaani mteja wa mtaa wa Karavia, mwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta, anakuja, na mimi ndiye wa kumweleza kwa Kifaransa kwamba mzigo ni halisi. Nikaipokea. Uzito ulikuwepo kweli. Ila nilipochungulia kwenye matundu ya feni, nikaona kipande cha chuma kimebandikwa ndani na hakijaungwa na waya wowote. Kazi yake ni kuwa kizito tu.

Wakuu, hapo nikawa njia panda. Nikimdanganya mteja, mashine sita zinaungua na jina langu Kampemba limekwisha. Nikisema ukweli, nimemuumbua baba mkwe dukani kwake. Na mzee hakuwa tapeli, aliyemuuzia ndiye aliyempiga. Yeye alikuwa anaipenda ile alimentation kwa moyo wote.

Hapo ndipo ushetani wangu ulipoamka. Kama mimi siruhusiwi kumpinga, basi ajibiwe na mzigo wake mwenyewe.

Nikasema kwa adabu zote, "Papa, mi sitasema mingi. Nilete mataa yangu, client ajionee na macho."

Akafurahi. Akanipigapiga begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Saa tisa mteja alifika, bwana mpole mwenye miwani. Nikaegemeza mlango wangu wa kabati ukutani, nje ya duka. Ngalula alikuwa ndani kwenye hesabu za duka, akatoka. Alipouona tu ule mlango akanikazia macho. Anaujua. Nilijifanya nafunga waya.

Nikawasha moja. Mbili. Wapita njia wakaanza kusimama, na huku watu wakisimama hawakai kimya.

"Tatu. Ine. Tano."

Papa Mbuyi alikuwa anatabasamu kama bwana harusi.

"Sita."

Feni ikaanza kulia. Kipima umeme nilichokuwa nimekichomeka ukutani kilisoma karibu wati mia tano zinazovutwa, wakati taa zilizowaka zinakula mia tatu na thelathini. Gold gani hiyo? Nikamtazama mzee.

"Tuongeze, papa?"

"Ongeza. Ju ya nini unaogopa?"

Nikabonyeza ya saba. Zote zikazimika.

Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

"Haiko kintu. Njo courant ya huku, haina nguvu. Washa groupe."

"Ndiyo, papa."

Tukawasha jenereta. Tukaanza upya, umati umeshakuwa mkubwa na unahesabu kwa sauti. Ya saba, kimya.

"Hii moja iko mubaya. Fungua ingine."

"Ndiyo, papa."

Tukafungua boksi la pili. Ya saba, ikakata na kutoa harufu kidogo.

Nakiri mbele yenu, kufikia hapo nilikuwa nafaidi. Miezi yote ya kuitwa mtu wa mihogo ilikuwa inanitoka taratibu, na sikuwa nimesema neno hata moja baya.

"Mataa yako njo mubaya," mzee akasema. "Ni ya kuokota."

Aliyejibu ni Ngalula.

"Papa, muache alete alimentation yake ya atelier. Kama mataa iko mubaya, nayo itazimika."

Nikaenda kibandani kwangu kuileta. Ni ya wati 750, haina urembo wowote. Moja hadi sita, kipima kikasoma chini ya mia nne. Saba ikawaka, umati ukapiga kelele. Nane. Kumi. Nikasimama kwenye kumi na tatu, maana hapo ndipo mwisho wake. Taa zikatulia, ukuta wote wa duka mweupe.

Mteja akavua miwani, akaifuta.

"Papa Mbuyi, mi niko na mashini sita. Bantu banalipa njo bacheze, haiko bakae mu giza."

Nikamtazama mzee, na raha yote ikanitoka. Alikuwa anazirudisha zile alimentation kwenye maboksi yake mojamoja, polepole, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

"Leo sitauzisha," akamwambia mteja. "Samahani, ndugu yangu."

Akaingia ndani. Nilipotaka kuchukua mlango wangu, akageuka.

"Acha hapo."

Nikauacha.

Wiki mbili zikapita, orodha haijatoka. Ngalula akaniandikia kwamba baba yake hataki kusikia habari za mahari. Sikuwa nalala. Nilijiona mjanja kwa saa moja tu, na saa hiyo ilitaka kunigharimu mke.

Halafu nikaanza kusikia habari mtaani. Wauzaji wa jumla wakimletea Papa Mbuyi mzigo, anawasimamisha nje, anawasha taa za mlango wangu moja baada ya moja. Wawili wamegeuza gari bila kushusha boksi. Yule bwana wa Karavia amerudi kuwa mteja wake.

Juzi orodha imetoka.

Mbuzi, suti ya baba, vitenge vya mama, mifuko ya chumvi, taa ya chemli, mambo ya kawaida. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe:

"Alimentation moja, wati elfu moja, Gold. Ipimwe mbele ya familia zote mbili. Mataa kumi na munane."

Nilifikiria kumpelekea ile yangu ya 750 ndani ya boksi zuri. Ngalula akaniambia, "Papa alihesabu kumi na tatu. Hajasahau."

Nilichojifunza: boksi lisikusomee wati, na uzito si kipimo. Na ukimfundisha baba mkwe kupima, ujue utakayepimwa baadaye ni wewe.

Sasa wakuu, wenye uzoefu. Nani anatumia ya 1000W ambayo amewahi kuisukuma mpaka mwisho ikasimama? Nitajieni na mahali pa kuipata. Nilitaka niijaribu kwanza kabla ya siku yenyewe, ila mlango wa taa anao yeye, na nilipotuma mtu kuuazima amesema nitauona siku ya mahari.