Mshahidi wa Onyesho la Uwanjani

Mume wangu ni mkata karatasi katika kiwanda cha uchapaji, na kwa miaka ishirini na miwili watu wamemwita Mshahidi. Mahakamani hajakanyaga hata siku moja. Jina hilo alilipata kwa ajili ya onyesho la muziki lililofanyika uwanja wa mpira, siku ambayo bendi anayoipenda kuliko ndugu zake ilipiga kwa mara ya mwisho kabla ya kuvunjika. Kila mpenda muziki ninayemjua anatamani angekuwepo. Mume wangu husema alikuwepo.

Hakuwepo. Najua, kwa sababu nilimfungia ndani mimi.

Nisimung'unye maneno. Ndoa yetu ilikuwa haijamaliza mwaka, na wivu wangu ulikuwa wa kumtilia shaka hata mwanamke aliyemwuliza saa njiani. Mchana ule alivaa shati jeupe, akajipaka manukato, akachana nywele mara mbili. Nikajiuliza, ni onyesho gani la kuchana nywele mara mbili? Nikatoka kama naenda dukani, nikazungusha ufunguo kwa nje, huku nikijua madirisha yote yana nondo, nikaenda zangu kwa dada. Niliporudi jua lilikuwa limezama. Alikuwa amekaa kitandani, viatu miguuni, shati halina hata mkunjo. Akaniuliza kama nimekula. Toka siku hiyo hatukulizungumza tena jambo lile.

Jumatatu wenzake kiwandani walimzunguka wakitaka habari. Angesema nini? Akasema, "Mlikosa, ndugu zangu." Basi, neno likawa limeshatoka. Kaseti ya onyesho ilipoanza kuuzwa alikuwa wa kwanza kuinunua. Aliisikiliza mpaka akajua mahali mpiga gitaa alipokohoa, na kila alipoulizwa alisimulia kutoka kwenye kaseti ile, kwa uhakika wa mtu aliyesimama palepale.

Laiti angeishia kiwandani. Lakini alianzisha kikao cha muziki sebuleni kwetu, kila Jumamosi saa kumi alasiri. Mtu huja na albamu aipendayo, santuri au kaseti au sidii, inasikilizwa yote bila kuruka wimbo, kisha mwenyewe anasimulia onyesho alilohudhuria. Sheria waliyonayo ni moja, na aliyeitunga ni mume wangu, mwanamume asiye na haya: ukisema ulikuwepo, uwe ulikuwepo. Ukibainika mwongo, huingii tena.

Na sheria hiyo imeshamla mtu. Fundi Rangi, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alisimulia jinsi alivyomwona mwimbaji fulani akicheza jukwaani kavaa gauni jekundu. Mwalimu wa hesabu, ambaye huandika kila kitu kwenye daftari, akagundua kuwa usiku huo mwimbaji alikuwa kitandani na malaria, aliyeimba ni mdogo wake. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyemkabidhi Fundi Rangi viatu vyake mlangoni. Nilikuwa jikoni, uso ukaniwaka kwa aibu. Nilitamani kutoka nikaseme, na sikutoka.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia, Dada wa Miwani, yule anayepima macho watu karibu na posta, alikuja na mjomba wake, mzee mfupi mwenye sauti ya juu kwa sababu sikio moja halisikii vizuri.

"Nimewaletea zawadi," alisema kabla hajakaa. "Mjomba ndiye aliyekuwa kwenye mitambo ya sauti siku ile ya uwanjani. Hata kaseti kaitengeneza yeye."

Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Nikaliweka mezani haraka. Mume wangu alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshaenda kwenye kola ya shati.

"Karibu, mzee," alisema. "Karibu sana."

"Hapa pana mwenzako, Mjomba," Dada wa Miwani akaendelea. "Huyu ndiye Mshahidi. Mshahidi, hebu msimulie mzee kama unavyotusimuliaga."

"Aa, leo tumsikilize mgeni."

"Mgeni anataka kukusikia wewe," Mjomba alidakia kwa sauti yake ya uwanjani. "Miaka yote hii mimi nilikuwa nyuma ya mitambo. Sijawahi kujua watu waliokuwa kwenye majani waliona nini."

Kukataa ingekuwa kujifunga mwenyewe. Akaanza. Alisimulia walivyofungua na ule wimbo wa barua, polepole, watu wakatulia tuli, halafu ngoma zikapasuka kwenye wimbo wa pili. Mara zote huwa anafumba macho anapofika hapo. Siku hiyo hakufumba. Alikuwa anamtazama Mjomba kama anayesubiri majibu ya daktari.

Mjomba alikunja uso. "Wimbo wa barua ulifungua?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwenye kaseti unafungua. Uwanjani ulikuwa wa mwisho. Mimi ndiye niliyeuhamisha, upande wa pili wa kaseti haukutosha."

Nilisikia kalamu ya Mwalimu ikikwaruza daftari.

"Miaka mingi, mzee," mume wangu alisema. "Mambo yanachanganyika."

"Yanachanganyika, kweli." Mzee wa watu alitaka kumsaidia, nilimwona. Akatafuta kitu rahisi, kitu ambacho mtu yeyote aliyekuwepo angekijibu akiwa usingizini. "Lakini umeme ulipokatika, hilo huwezi kulisahau. Nusu saa nzima! Watu uwanja mzima wanaimba wenyewe, bendi imekaa chini jukwaani inawasikiliza. Wewe ulikuwa upande gani? Wa magoli au wa jukwaa kuu?"

Kwenye kaseti hakuna umeme kukatika. Umeme ungekatika, mashine zingerekodi nini?

Mwalimu aliinua kichwa. "Mshahidi, habari ya umeme hujawahi kutuambia."

Dada wa Miwani alianza kutabasamu, akaona hakuna mwenzake anayetabasamu, akaacha. Nilimwangalia mume wangu, mtu anayekata karatasi elfu kwa siku bila kukosea hata kwa upana wa unywele, amekaa kwenye kiti chake mwenyewe na midomo imekauka. Sikuweza tena kukaa kimya.

"Hakwenda," nikasema. "Nilimfungia ndani mimi, na ufunguo nikaondoka nao."

"Msimsikilize," mume wangu aliruka. "Ananifichia aibu tu. Nililewa siku ile, nikapitiwa na usingizi."

Nililewa! Mtu ambaye harusini kwake aliomba maji. Mwalimu alimtazama, akanitazama na mimi, akafunika daftari.

"Sheria niliitunga mwenyewe," mume wangu alisema. Akatoa kaseti kwenye redio, akamkabidhi Mjomba kwa mikono miwili, akainuka. Lakini mtu atafukuzwaje nyumbani kwake? Akaingia chumbani akafunga mlango.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda.

"Pombe gani?" nikamwuliza. "Kwa nini unajipaka matope?"

"Mimi wameshanipata. Wewe wakucheke kwa lipi?"

"Nakuuliza jambo, na unijibu leo. Siku ile jirani zetu wote walikuwepo. Ungepiga kelele mara moja tu, wangevunja mlango, ungewahi. Mbona ulikaa kimya?"

Alinyoosha shuka kwa kiganja.

"Ningepiga kelele, mtaa mzima ungejua umenifungia. Ulikuwa mgeni hapa, hata mwaka hujamaliza vizuri. Wangekupachika jina, na lingekuganda mpaka leo."

Miaka ishirini na miwili niliamini alinyamaza kwa sababu alikuwa na hatia kweli, kwamba mtu msafi angepiga kelele. Nilimpikia, nilimzalia, nikamwekea hesabu hiyo moyoni hata siku zetu nzuri. Nikaona uchungu, na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Nikatoka. Nikapita sebuleni, walikuwa wamekaa vilevile, chai haijaguswa. Nikafungua mlango wa mbele, nikasimama barazani, nikapaza sauti mpaka kifua kikaniuma.

"Jamani majirani! Siku ya onyesho la uwanjani mume wangu nilimfungia ndani! Mimi! Kwa wivu wangu wa bure! Hakulewa, hakulala, hana kosa!"

Madirisha yalifunguka. Jirani wa mkono wa kushoto alitoa kichwa, povu la sabuni mikononi, akauliza, "Umemfungia tena?" Wa ng'ambo ya barabara akaangua kicheko, na wengine wakafuata. Jina nililipata hapohapo, nami sitaliandika hapa.

Mume wangu alitoka mbio, akanishika mkono, akaniomba nipunguze sauti. Nikairudia tena tokea mwanzo, kwa wale ambao hawakusikia vizuri.