Goti Langu Lilipovunjika Riyadh

Nakumbuka siku niliyobebwa na watu wawili kutoka uwanjani Riyadh, goti limegeuka, na jukwaani vijana wakiimba, "Abdi! Abdi!" Maana yake mtumwa. Mwanangu, wewe unayefunga mabegi kwenda kuchezea ng'ambo, kaa kidogo unisikilize.

Nilitoka Kakamega kwenda Jeddah kuwa mlinzi wa geti katika chuo kimoja cha matajiri, mtaa wa Al-Rawdah. Miaka ile ya elfu mbili na kumi mawakala wa kazi za Uarabuni walitusomba kama mchanga. Mwalimu wa michezo aliniona nikipiga danadana, akaniingiza kwenye timu, maana chuo kiliruhusiwa kuchezesha wafanyakazi wake. Kabla yangu hakuna mtu mweusi aliyewahi kuvaa jezi ile. Nikifunga bao wananikumbatia. Mechi ikiisha narudi getini, na wale wale wanapita bila salamu. Nilivumilia. Nilidhani mabao yatanifanya mtu.

Nilipoumia katika mechi ile ya ugenini Riyadh, bosi wa chuo, ambaye ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini, na ikama yangu, kibali cha kuishi kule, iko mkononi mwake, hakunipeleka hospitali. Alisema neno moja tu: "Halas." Yaani basi, nimekwisha.

Mpishi wa chuo, Mzee Kombo, Mzanzibari mwenye kikohozi kisichomwacha, ndiye aliyekwenda kumkabili. "Bosi, huyu mtoto wa watu. Mlimtumia akiwa mzima, mtunzeni akiwa mgonjwa."

Wakamfukuza yeye pia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti; sisi wawili tuliijua katika chumba kimoja cha mtaa wa Ghulail, kule kule Jeddah, yeye akinikanda goti kwa maji ya moto, mimi nikilia kwa hasira. Nikamwambia nataka kuvichoma viatu vyangu vya mpira.

"Wacha upumbavu, mwanangu!" akanikemea. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mguu umekwenda, na hicho kichwa nacho kimevunjika? Vibarua wenzako kila Ijumaa wanacheza ovyo tu, hawana wa kuwaongoza. Nenda!"

Nikaenda na mkongojo wangu, nikawafundisha vibarua waliokuja uwanjani migongo ikiwauma. Mzee Kombo hakuuona mwisho wa kazi ile. Kikohozi kilimmaliza kabla karatasi za kurudi kwao hazijatoka, akazikwa kule kule. Wanawe walipata habari kwa simu. Mimi ndiye niliyepiga.

Karatasi zangu zilipotoka nikarudi nyumbani, nikawa kocha, kisha mkuu wa michezo wa chuo kimoja cha huku kwetu. Mwaka mmoja, kabla ya fainali, mfungaji wetu Nafula alivimba kifundo cha mguu. Mkuu wa chuo akaniambia, "Achomwe sindano, acheze." Nikakataa. Tulifungwa. Nilitukanwa mpaka sokoni, na sijajuta hata leo.

Basi mwanangu, nenda, sikuzuii. Ila usiupime utu wako kwa makofi ya jukwaa; anayekushangilia si lazima awe anakuheshimu. Mtafute mapema mtu atakayekuuguza, nawe uwe mtu huyo kwa mwenzako. Na siku ukipewa filimbi ya ukocha, kumbuka kwamba kila mchezaji aliye mbele yako ana mama anayemngoja.

Mungu akutangulie ndani ya uwanja na nje yake. Akurudishe kwetu ukiwa mzima, na akikunyima ushindi, asikunyime watu.