Mji Usio na Wazee

Bibi alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Wenzake walimwita Mvuke, kwa sababu hasira zake zilipanda mara moja na kupoa mara moja. Alimlea mjukuu wake wa kike tangu mama mtu alipofariki, na kila mara mtoto alipokataa kulala alimpa ngano ileile: zimwi lilimeza kijiji kizima, akabaki mtoto mmoja tu, naye akalipasua tumbo. Watu wakatoka wazima, mmoja bado kashika mwiko, analalamika kwamba chakula kimeungua.

Mjukuu alikua akawa mchoraji wa katuni. Yule mtoto wa ngano akamgeuza shujaa, msichana anayeruka angani na radi viganjani. Zimwi likishapasuliwa, shujaa aliwajengea watu mji mpya usio na njaa, maradhi wala kufuli mlangoni.

Jioni moja akamwonyesha Bibi michoro. Bibi akavaa miwani, akafunua taratibu.

"Mji mzuri," akasema. "Wazee mmewaweka wapi?"

"Huko hakuna kuzeeka, Bibi. Ndiyo raha yake."

"Na waliotoka tumboni na mvi zao?"

Mjukuu akapekua kurasa kutafuta hata mzee mmoja.

"Basi mimi sihamii. Nimeponyoka kwa zimwi, nije kufukuzwa na shujaa?"

Wakacheka. Kisha Bibi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Hata kazini wameniambia nikapumzike," akasema. "Imekuja mashine ya kupiga pasi."

Mjukuu akaweka penseli chini, akasogeza kiti karibu naye. "Pole, Bibi wangu. Haya niambie, wewe ungetaka mji wa namna gani?"

"Kuchoka tuchoke tu. Ila nikichoka pawe na kiti, na mtu wa kuniuliza nimeamkaje. Na watu wagombane kidogo, jamani! Watalalaje bila hata kaugomvi?"

Mjukuu akaichora upya sehemu ya mji.

Kitabu kilitoka wiki ambayo Bibi alikuwa anaaga kazini. Wenzake walikizunguka katikati ya marundo ya shuka, wakafika pale ajuza mmoja anaponyoosha joho la shujaa lililoungua kwa radi, huku akimkaripia shujaa mwenyewe.

"Mvuke huyu!" wakapiga kelele.

"Pua hiyo si yangu," Bibi akakataa. Lakini nakala yake hakumwazima mtu.

Siku hizi wale wanawake wa kufulia humtembelea Jumamosi, na kila mmoja huja na shauri lake kwa mchoraji. Mmoja anataka shujaa aolewe. Mwingine anataka mabomba ya mji ule yatoe maji kila siku. Mjukuu humgeukia Bibi, ambaye amekwisha kuwa hakimu wa mambo hayo.

"Mume asubiri," Bibi huamua. "Maji kwanza."