Wachuka Wawili na Namba Moja

Subira binti Yakubu alizaliwa Majengo ya Nyeri, katika nyumba ambayo chai ya asubuhi ilinywewa kwa lugha nne. Babu yake, Sulemani, alikuja na Kinyamwezi chake kutoka Tabora; bibi yake alikuwa Mkikuyu aliyesilimu; majirani wa ukuta mmoja walisema Kinubi; na Kiswahili kiliwakutanisha wote wakati wa kugombania sukari. Mtoto aliyekulia hapo hujua mapema kwamba kila lugha ina jambo inaloliweza kwa pumzi moja, ambalo lugha nyingine italizungukia mpaka chai ipoe. Labda ndiyo maana alipopelekwa Nairobi kusomea kompyuta, miaka ya sabini, hakuziogopa. Aliziona kama wageni waliohamia mtaani: kwanza uliza wanasemaje.

Mwaka wa 1986 alikuwa ndiye mtu wa kompyuta katika hospitali ya misheni nje kidogo ya mji wa Nyeri. Mgonjwa mpya alipofika kwenye dirisha la usajili, karani alibonyeza kitufe, kompyuta ikatoa namba inayofuata, naye akaiandika kwenye kadi. Tangu hapo damu ya mgonjwa na picha za mapafu yake zilisafiri kwa namba hiyo. Upande huu wa mlima namba ina kazi kubwa, kwa sababu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Ndugu wawili wakioa, kila mmoja atamwita binti yake jina la nyanya yule yule, na wakitumia jina la babu kama jina la ukoo, utapata wasichana wawili ambao kwenye karatasi ni mtu mmoja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Wachuka Muriithi na Wachuka Muriithi, mabinti wa ndugu wawili wa Kagio. Waliolewa mwaka mmoja, wakashika mimba msimu mmoja, wakaja kliniki pamoja kama walivyozoea kwenda sokoni pamoja. Foleni zilikuwa mbili. Mmoja alisimama kwa Watiri, karani mzee kuliko wote pale, mwingine kwa Gathoni, dirisha la pili.

Miezi ikapita. Wachuka wa kwanza alipolazwa ili apasuliwe, kadi yake ilisema damu yake ni kundi B. Maabara, kwa desturi yao ya kuchanganya matone kabla ya kumwongeza mtu damu, wakaona damu hizo hazipatani. Upasuaji ukachelewa, Sista wa wodi akapaza sauti hadi jikoni, lakini mama na mtoto wakatoka salama. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba binamu yake ana kadi nyingine yenye namba ile ile. Maabara ilikuwa imepokea chupa mbili za jina moja na namba moja, ikadhani moja ni ya kurudiwa, ikaimwaga.

Kila mtu aliyekuwa na akili timamu alijua kilichotokea. Watu wa kijiji kimoja hufanyiana hisani. Karani humwandikia jamaa kadi juu ya namba ya mwenzake, asilipe ada ya usajili. Watiri naye alikuwa mtu wa Kagio, kitongoji kile kile, ikachukuliwa kwamba ndiye aliyempa Gathoni namba ya kuandika. Bwana Mutahi, msimamizi wa hospitali, hakuhitaji zaidi ya hapo. Alimwambia Watiri akae nyumbani mpaka kamati ikutane, na kila mtu alijua kamati ikikutana itasema nini.

Watiri alipokuwa akifunga kitambaa chake cha kichwa mlangoni, Subira alimfuata na kumuuliza ilikuwaje.

"Niliandika ile namba mashine ilinipea," Watiri alisema. "Miaka yote hiyo niko hapa, halafu ati niuze kazi yangu kwa sababu ya kadi. Na wewe si unasemanga hiyo mashine haikosei?"

Subira alikuwa amesema hivyo kweli, na zaidi ya mara moja. Sasa neno lake mwenyewe lilimkaa kama mwiba wa samaki. Kompyuta ya zamani haikuwahi kutoa namba moja mara mbili. Lakini hiyo ilikuwa imechakaa, ikaletwa nyingine ya kampuni tofauti, na yeye ndiye aliyehamisha programu, akitafsiri amri moja baada ya nyingine. Aliijaribu, ikafanya vizuri. Ila aliijaribu akiwa peke yake, kwenye dirisha moja.

Aliifungua upya programu pale namba inapoongezwa. Katika kompyuta ya zamani kulikuwa na amri moja tu: ongeza moja hapo hapo kwenye kumbukumbu, kisha nionyeshe. Kichakataji kipya, yaani ule moyo wa mashine unaotekeleza amri, hakikuwa na neno hilo. Hakijui kuongeza kitu kilicho kwenye kumbukumbu. Lazima kikichukue, kikiongeze mkononi, kisha kikirudishe. Kwa hiyo yeye, mfasiri mwaminifu, alikuwa ameweka amri tatu badala ya moja, akaona maana ni ile ile.

Alikaa akiitazama, na hamu ya kujua ikamzidi hofu. Moyo huo ulikuwa mmoja, ukihudumia madirisha mawili kwa zamu fupi kuliko kupepesa jicho. Zamu haikatiki katikati ya amri. Hukatika baina ya amri na amri. Dirisha la Watiri limechukua namba, halijairudisha, zamu inakatwa, dirisha la Gathoni linachukua namba ile ile.

Kuliwaza jambo ni rahisi, kuliona ni kitu kingine. Wakati wa chakula cha mchana, madirisha yakiwa yamefungwa, Subira aliandika programu fupi ya kuyafanya yote mawili yaombe namba bila kupumzika, kila moja namba elfu kumi, kwa hesabu ya majaribio iliyoanzia sifuri. Kisha akamwita Bwana Mutahi, aliyekuja akitafuna kijiti na kuuliza kama kompyuta nayo sasa inataka kamati yake.

"Elfu kumi na elfu kumi, Mzee. Ya mwisho iwe ngapi?"

"Elfu ishirini. Hata ng'ombe wa kule malishoni Doldol wanajua."

Skrini ilionyesha elfu kumi na tisa na mia tisa na ushee.

Alikitoa kijiti mdomoni. Subira akamweleza kwa mfano wa mambo ya zamani pale pale hospitalini, kabla ya kompyuta, wakati vibati vya namba vilipotundikwa kwenye msumari. Ukikiona kibati umekishika, na aliye nyuma yako hakioni tena. Fikiria badala yake namba imeandikwa kwa chaki ubaoni: mmoja anaisoma, anageuka kutafuta kifutio, na kabla hajafuta mwingine amekwisha kuisoma. Mashine ya kwanza ilikuwa ya msumari. Hii ni ya ubao.

"Kwa hivyo ni mbovu. Tuirudishe," Bwana Mutahi alisema.

Si mbovu, Subira alimjibu. Nayo ina jambo lake isilolikata vipande: amri ya kutazama kitasa na kukifunga kwa mpigo mmoja, ambayo ile ya zamani haikuwa nayo. Dirisha litafunga kwanza, lichukue namba, liongeze, lirudishe, lifungue. Jingine likikuta pamefungwa, lingoje. Aliyekosea ni yeye aliyehamisha, wala si Watiri. Bwana Mutahi akauliza kama programu hiyo ikishatengenezwa itafaa kupelekwa Kerugoya, ambako hospitali dada ilikuwa imenunua mashine ya kampuni ya tatu. Subira akasema hajui. Ile ina mioyo miwili inayofanya kazi kwa pamoja. Itabidi aende akaiulize yenyewe.

Programu iliposahihishwa, Watiri aliitwa arudi, lakini hakukubali kukaa kitini hadi kina Wachuka wote wawili waje. Walikuja, mmoja na mtoto mgongoni, mwingine na tumbo lililokaribia, wakiwa bado na kinyongo cha kuitwa wezi wa kadi.

"Mlisema ni sisi tumeazimana," yule mwenye tumbo alimwambia Bwana Mutahi. "Kumbe ni mashine zenu zinaazimana."

Bwana Mutahi alicheka kidogo, bila raha, akamwomba radhi Watiri mbele yao. Watiri akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti chake, akamwagiza Subira akae dirisha la pili badala ya Gathoni. Wachuka mmoja akasimama huku, mwingine kule. Watiri akahesabu kwa Kikuyu, moja, mbili, tatu, na yeye na Subira wakabonyeza kwa pamoja.

Dirisha la kwanza lilijibu papo hapo. La pili likasita, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni, kisha nalo likajibu. Watiri aliinuka, akaja kuisoma skrini ya Subira kwa macho yake mwenyewe, akaona namba inayofuata ile yake, akarudi mahali pake na kuanza kuandika kadi.

"Damu mtatoa upya," aliwaambia. "Na leo kila mtu abebe chupa yake."