Kumfuata Sikudhani Chekechea

Usiku ule nililala kama gunia la mbaazi lililodondoshwa kutoka kwenye lori. Sikugeuka. Mbu wa kwetu Kondoa, ambao mmoja akitua kwenye baiskeli tairi linapungua upepo, walininywa mpaka wakalewa, mimi sina habari. Na mtu akikwambia mzee aliyefiwa halali, mkatalie. Analala sana. Akiamka kuna nini?

Tulikuwa tumemzika mjukuu wangu Sikudhani, na kaburi lilikuwa bado bichi. Mtoto wa miaka mitano, mdomo wa miaka hamsini. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka chekechea kwa baiskeli asubuhi na kumfuata mchana. Sasa pale chekechea wana utaratibu wao, mtoto haachiwi ovyo. Mwalimu anamshika mkono mpaka mlangoni, anamuuliza, "Huyu ni nani yako?" Mtoto asipokutaja hutoki naye, hata kama ulimzaa mbele ya mashahidi. Wenzake wanasema baba, wanasema dada. Sikudhani wangu akiulizwa anabinua mdomo: "Huyu? Huyu dereva wangu." Wamama wote hoi. Mimi nimesimama pale nimevimba kama andazi.

Halafu ikaja homa, ikaanza jioni kama mzaha. Hiyo sitasimulia. Mimi naweza kutia chumvi hata kwenye maji ya mtungi, lakini ile haikubali chumvi.

Mama yake, binti yangu Hadija, tangu jeneza litoke mlangoni alilala akaugeukia ukuta. Nilimtania. Nilimchezea ngoma na sufuria kichwani, mimi mzee mwenye goti bovu. Hakugeuka. Neno lake lilikuwa moja: "Niacheni nimfuate mwanangu." Jirani akileta uji, uji unarudi vilevile na utandu wake juu. Alikwisha binti yangu, alikwisha mpaka upepo ukivuma nafunga dirisha nisije nikamkosa kitandani.

Basi, ndani ya usingizi ule nikajikuta niko juu ya baiskeli. Jua la saa sita. Nakanyaga pedeli, baiskeli haina mnyororo lakini inakwenda, tena inapanda mlima, na mlima wenyewe sijawahi kuuona. Najiambia nimechelewa, mtoto kabaki peke yake kwenye benchi. Wala sikukumbuka kama amekufa. Ndotoni, bwana, tanzia haifiki.

Nikafika. Darasa ni lilelile, ukutani kuna samaki na embe na mbuzi waliochorwa, na huyo mbuzi ni mkubwa kuliko nyumba iliyo pembeni yake. Nikaingia. Ndani ni chumbani kwetu, kile chumba cha kwanza tulichopanga nilipooa. Halafu ni darasa tena. Na mbele, chaki mkononi, amesimama marehemu mke wangu Mwamvua.

Mwamvua! Mwanamke ambaye alikuwa hajui hata mlango wa shule unafungukia upande gani! Sasa anaandika ubaoni, a, e, i, herufi zimenyooka kama sindano. Nataka kumwambia, we bibi, hayo umesoma lini? Mdomo umekuwa mzito kama nimetafuna gundi.

Watoto wamekaa kwenye mkeka. Ni wengi, mkeka unakwenda mpaka macho yangu yanachoka. Na hakuna anayelia. Hakuna anayesema mwalimu naomba kwenda kukojoa, hakuna anayesema mwalimu huyu kaninyang'anya. Darasa la chekechea lisilo na kelele, wewe umeliona wapi? Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kila mmoja ana vizibo vya soda mbele yake, anahesabu. Mmoja anafika tatu, anarudi mwanzo. Mwingine, mdogo sana, hata kukaa hajui vizuri, anasema moja. Ananyamaza. Anasema moja.

Pale karibu na dirisha namwona wangu. Anapanga vizibo, ulimi nje kidogo, kama anavyofanya akipewa kazi ngumu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Anavichanganya. Anaanza upya.

Nikatia mkono mfukoni, na kweli kizibo kipo. Nikapiga magoti, na goti langu halikupiga kelele, nikamsogezea kizibo pale mkekani. "Ongeza na hiki," nikamwambia. "Sema sita."

Mwamvua hata hakugeuka kutoka ubaoni. "Mzazi," akasema, "hapa haviongezwi."

Mzazi! Mimi niliyekula ugali wake mpaka nikaota kitambi, mimi niliyeshuka kaburini kumlaza kwa mikono hii, leo ananiita mzazi kama nimekuja kwenye kikao cha shule! Lakini sauti ni yake. Hata ule mkwaruzo wa mwisho wa maneno ni wake. Nikachukua kizibo changu nikirudishe mfukoni, na mfuko haupo.

Mara ni saa ya kutoka. Uji sikuona ukinywewa, kengele sikuisikia. Watoto wamesimama mstari, kila mmoja kashika shati la mwenzake. Mwamvua anasema, jipigieni makofi. Wanapiga. Mikono inakutana vizuri kabisa na mlio hakuna. Mimi niko nje nimeshika usukani wa baiskeli, nimetoa meno yote niliyobakiwa nayo, nasubiri kuitwa dereva.

Mwamvua anamshika mkono. Anamleta polepole mpaka kizingitini.

"Sikudhani. Huyu ni nani yako?"

Mtoto ananitazama. Ananitazama kuanzia kofia mpaka kandambili, halafu anarudi tena usoni, anakaa hapo.

"Simjui."

Nikacheka. Nilijua ni utani, si kaurithi kwangu? "Acha mchezo mama, jua linachoma, panda twende." Kimya. Nikachezesha masikio. Hiyo kazi naijua, niliwahi kuchezesha masikio harusini bwana harusi akasahau jina la mke. Kimya. Nikalia kama punda. Mstari mzima wa watoto unanitazama na hakuna hata mmoja aliyetingisha bega.

"Mimi babu yako! Mwamvua, si umwambie? Mimi babu yake!"

"Mtoto amesema hakujui, mzazi. Rudi."

"Sirudi! Nipe hata ufagio nibaki nafagia. Nikae na hawa mkekani, mimi si mkorofi!"

Hapo macho ya Mwamvua yakalainika, akawa mke wangu kabisa, yule wa kile chumba cha kupanga. Akasema kwa sauti ya chini, "Angekujua, ungebaki."

Na mlango ukaanza kuwa mbali. Mimi sikusogea, unasogea wenyewe, na baiskeli inanivuta nyuma kama punda aliyenusa zizi. Sikudhani alikuwa ameshanipa mgongo. Lakini nilimsikia akimwambia bibi yake, kwa ile sauti ya juu anayoitumia akitaka mtu mwingine asikie:

"Na mama akija, mwalimu, nitasema simjui."

Nikaamka. Mto umelowa, majogoo wanawika, nje kunaanza kuwa kweupe. Kandambili sikuzitafuta. Nikaenda moja kwa moja chumbani kwa Hadija, nikamkuta macho, uso ukutani. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamweleza yote, kama ninavyokueleza wewe, ila yeye sikumtilia mbu wala andazi.

Akauambia ukuta, "Baba, na hii umeitunga."

Sikumlaumu. Mtaa mzima unamjua yule simba niliyemuua kwa pampu ya baiskeli. "Sikutunga, mwanangu."

"Alikuwa amevaa nini?"

Siku nyingine ningeshamvika gauni la hariri lenye vifungo vya dhahabu kabla hajafunga mdomo. Nikatafuta kichwani. Naona ulimi. Naona vidole vinapanga. Nguo siioni.

"Sijui, mama. Sikuangalia nguo. Nilikuwa namwangalia yeye."

Hadija akageuka. Tangu siku ya mazishi, hiyo ndiyo mara ya kwanza anageuka. Uso umebaki mifupa na macho tu. Akaushika mkono wangu, nikajua ameniamini. Tangu apate akili zake mtoto huyu hakuwahi kuniamini neno zima bila kukata nusu, na leo kaniamini lote. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, ujumbe umefika.

"Kwa hiyo yuko mahali," akasema.

"Umesikia alichosema lakini? Anasema usiende. Maana yake ndiyo hiyo, Hadija. Ukienda atakukana."

"Na yuko na mama."

"Kasema usiende!"

"Wewe ni babu, baba. Wewe anaweza kukukana." Akatabasamu, na lile tabasamu afadhali angenipiga ngumi. "Mimi hawezi. Akiniona tu atakimbia aje. Mimi ndiye niliyemzaa."

Nikapiga kelele ya kumwita jirani, akaja mbio na uji wa moto, nikamwinua Hadija nikamwegemeza kifuani kwangu. Hakunikatalia. Alikuwa mwepesi, hana shida na mtu, kama mgeni aliyekwisha funga mzigo wake. Nikamwekea kijiko mdomoni, nikamwambia, mama, kimoja tu, kwa ajili yangu. Mdomo haukufunguka. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, kule mlangoni, kama mtu anayejaribu kusikia jina lake.