Nazi ya Ndege wa Tooting

Sisi tuliokulia Tooting, huko ughaibuni, watoto wa Waunguja waliohama baada ya Mapinduzi, majira ya machipuo tuliyajua kwa masikio. Baridi ikipungua tu, videge huanza kuimba alfajiri, na Baba naye huanza kuimba bafuni.

Jirani yetu, bibi wa Kizungu, alikuwa akiwatundikia ndege nusu ya nazi mtini. Mama alipoiona mara ya kwanza nusura adondoshe sufuria. "Nazi yote ile, ati ya ndege! Na sie twala wali mkavu!" Lakini nazi ile ilimleta ndege mdogo mwenye kofia ya buluu na kifua cha njano, mzuri huyo, hata Mama mwenyewe akawa akikuna nazi anabakisha nyama kidogo kwenye kifuu, anakitundika nje ya dirisha. Na hakutaka aulizwe.

Nilitamani mno ndege yule apigwe picha. Filamu ya kamera ya Baba ilibakiza picha moja tu, nayo ilikuwa ya Idd: ya Salma, mdogo wetu mchanga, apelekewe Bibi Unguja, ambaye hajamtia machoni. Nililia. Baba akasema, "Bibi yako kwanza, ndege baadaye."

Siku ya Idd Mama akasimama dirishani na Salma, udi unanukia nyumba nzima. Baba akafumba jicho moja. Papo hapo ndege akatua kwenye kifuu, akaimba! Mama akageukia dirisha, akanong'ona, "Mpige naye huyo." Baba akabonyeza.

Picha iliposafishwa, ndege alikuwa doa la njano, na Mama na Salma wote wanamtazama yeye. Tulicheka mpaka machozi. Tukampa msafiri wa Unguja picha hivyo hivyo, naye akarudi na salamu: Bibi kasema kisogo cha mjukuu kakiona, kizuri, uso atausubiri.

Leo mwanangu humpiga ndege mmoja picha chungu nzima kwa simu kabla chai haijapoa, unyoya kwa unyoya, kisha huzifuta ili simu ipate nafasi. Ni nzuri kweli, namsifu. Bibi alikuwa na moja tu. Tulipofika Unguja miaka baadaye, watoto wa ukoo walikuwa wamechuchumaa uani wakichezea vifaranga; Salma akachuchumaa kati yao, wote wametupa mgongo. Bibi akatoka ndani, akawapita wote, akamkumbatia mmoja kwa nyuma. "Salma wangu," akasema, kabla mtoto hajageuka.